Santuri Iliyoitwa Theuri

Usiinuke, msikilizaji. Usiipige redio yako kofi. Redio yako ni nzima. Huo mlio unaousikia, unaoanza chini kama nyuki ndani ya mzinga na kupanda polepole hadi unauma sikio, si hitilafu ya mitambo yetu. Ni muziki. Ulitengenezwa mjini Nyeri mwaka wa sabini na tano, na fundi wa redio aliyeitwa Moffat Kingori wa Theuri.

Moffat Kingori ametuacha. Alifariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Giakanja, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Atazikwa keshokutwa, hapo hapo Giakanja.

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Phelister, na saa hii huwa tunaitumia kuwakumbuka waliotutangulia. Sitawaficha. Leo nimeingia studio nikiwa nimechoka. Nimewasomea habari za marehemu kwa miaka mingi sasa, na kuna wiki ambazo maneno yote yanafanana. Alikuwa mcheshi. Alipenda watu. Ameacha pengo. Juzi nilipokuwa naenda Giakanja barabara ilikuwa matope matupu, gari likakwama, nikafika kwa wafiwa nimeshika viatu mkononi. Njia nzima nilijiambia, Phelister, chukua maneno mawili matatu, kunywa chai yao, rudi ulale. Nilikaa huko hadi jioni.

Tuelewane kwanza kuhusu hii santuri. Ni sahani moja, pande mbili. Haina gitaa. Haina ngoma. Hakuna mtu anayeimba. Milio yote, isipokuwa mahali pamoja ambapo nitawaambia, ilitoka kwenye vifaa vya umeme ambavyo fundi hutumia kupimia redio. Siku hizi vijana wanasikia mashine katika kila wimbo na hawashtuki. Lakini mwaka ule, huku kwetu, muziki ulikuwa gitaa, kodiani na kwaya ya kanisa. Mtu akikwambia amerekodi muziki kwa mashine ya kupimia redio, ulimuuliza kama amekula.

Tena hazikuwa nyimbo mbalimbali zilizopangwa tu. Ilikuwa hadithi moja. Upande wa kwanza, mtu anazaliwa, anatambaa, anachunga mbuzi, anaenda shule. Upande wa pili anafanya kazi, anaoa, anazeeka, ananyamaza. Mtu mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo anaitwa Theuri. Santuri nayo inaitwa Theuri. Na ili mjue Theuri ni nani, itabidi mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Moffat Kingori alizaliwa Giakanja, mtoto wa kiume wa pekee wa mzee Theuri na mama Ngendo. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni alikuwa kijana, wakahamishiwa pamoja na majirani katika kile kijiji cha kufungiwa, chenye handaki pande zote. Hapo ndipo alipoiona redio kwa mara ya kwanza, kwa mwalimu mmoja. Dada yake Murugi, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, alinielezea hivi:

"Sisi sote tulikuwa tunasikiza habari. Yeye hapana. Yeye alikuwa anasikiza ile kelele iko katikati ya stesheni. Ile shhh. Tukimwambia aende kwa stesheni, anasema ati ngojeni, hapo ndio kuna kitu."

Baada ya uhuru alifungua duka lake mjini Nyeri, karibu na soko. Kulia kwake kulikuwa na duka la mbegu, kushoto kinu cha kusaga mahindi. Kumbukeni hicho kinu, maana kilimsumbua sana. Alitengeneza redio za watu na vipaza sauti vya makanisa. Na ni kipaza sauti kilichompatia mke. Alipelekwa Kianyaga, kule Kirinyaga, kwenye mashindano ya kwaya. Katikati ya wimbo kipaza sauti kikafa. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza hakusimama. Akaendelea, na watu wa nyuma kabisa wakamsikia. Huyo alikuwa Wakonyo, binti ya mzee Mutahi. Ndiye mjane wetu leo.

"Alichelewa kuitengeneza makusudi," Wakonyo aliniambia. "Tulipooana akaniambia. Ati alikuwa anataka kuona nitaishia wapi."

Alitabasamu kidogo aliposema hivyo. Kisha akaniomba nisogee, kwa sababu mgongo unamuuma na hajalala tangu Alhamisi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mimi ni mtu wa magharibi. Mambo ya majina ya huku nilielezwa kama mgeni, na wale wa Nyeri mnisamehe nikiyaeleza tena. Mvulana wa kwanza katika nyumba huitwa jina la baba ya mume. Wa pili huitwa jina la baba ya mke. Huwezi kuruka. Huwezi kurudia. Na si heshima tu. Wanasema babu amezaliwa tena ndani ya mtoto. Mtoto anapotoka, wanawake walioko nje hupiga vigelegele, vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana, na baba aliye mbali anajua amepata nani kabla hajaambiwa.

Mwaka wa sabini na moja, Wakonyo alijifungua nyumbani Giakanja. Mkunga alikuwa ndani. Wanawake walikuwa uani, tayari. Kingori alisimama kando ya zizi la ng'ombe, akingoja kusikia.

Mtoto alitoka. Alikuwa mvulana. Hakulia.

Kingori alisikiliza. Wanawake nao walisikiliza. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtoto alizikwa siku ile ile, bila wimbo na bila jina. Nilimuuliza Wakonyo anakumbuka nini.

"Nilisikia akina mama wakienda," alisema. "Mmoja mmoja. Nilisikia geti ikifungwa, ikifunguliwa, ikifungwa. Hakuna mtu aliniambia pole. Pole ya nini? Kama hakuna jina, hakuna mtu amekufa. Kesho yake wakaniuliza kama nimekamua ng'ombe."

Miaka ikapita na mtoto mwingine hakuja. Watu wa ukoo wakaanza kumwambia Kingori kwa mafumbo, kisha bila mafumbo, kwamba aoe mke wa pili. Mzee Theuri alikuwa anazeeka, na jina lake lilikuwa halijarudi katika nyumba ya mwanawe. Murugi alikuwa na Theuri wake, ndiyo, lakini huyo alihesabiwa kwa watu wa mumewe.

"Baba hakuwa mubaya," Murugi alisema. "Alikuwa anaogopa kuisha. Wewe hungeogopa?"

Kingori aliendelea na kazi. Aliamka, akaenda dukani, akatengeneza redio, akarudi. Wakonyo aliimba kwenye kwaya, akarudi. Walikula wakitazama sahani zao. Katika nyumba ile kulikuwa na mtoto ambaye kila mmoja alimkumbuka na hakuna aliyeruhusiwa kumtaja. Hilo ndilo lililokuwa likimla Kingori. Hakutaka mke mwingine. Alitaka yule wa kwanza ahesabiwe kuwa alikuja duniani.

Hapa anaingia rafiki yake, mzee Kioko. Kioko ni Mkamba, fundi wa redio aliyefanya kazi na polisi miaka mingi, akiwa Kiganjo. Alikuwa na kifaa kizee alichokinunua mnadani, sanduku la chuma lenye kitufe kikubwa mbele. Ukizungusha kitufe, sanduku linatoa mlio. Zungusha kushoto, mlio unashuka. Zungusha kulia, unapanda. Mafundi hukitumia kujua redio imeharibikia wapi. Siku moja ya mwaka wa sabini na tatu Kioko alikileta dukani kwa Kingori ili wakijaribu. Nilimkuta Kioko kwa wafiwa, amekaa peke yake kwenye benchi, kofia magotini.

"Tulikuwa tunaipima tu," aliniambia. "Mimi nikazungusha kitufe, mlio ikapanda. Kingori akanishika mkono. Akasema, rudisha. Nikarudisha. Akasema, pole pole. Nikaenda pole pole. Sasa naangalia namna hii, naona mtu mzima anatoa machozi juu ya mashine ya kupima redio. Nikamuuliza, ni nini ndugu yangu? Akaniambia, analia. Ati huyo analia."

Wasikilizaji wapendwa, ndipo kazi ilipoanzia. Si kwenye vitabu vya Ulaya. Kingori alitaka kilio kimoja tu, kile ambacho hakukisikia akiwa kando ya zizi. Alikirekodi kwenye mashine ya kanda. Alipokipata, akaona hajamaliza. Alimwambia Kioko, mtoto akishalia huwezi kumwacha hapo akilia tu. Lazima akue. Basi akaamua kumkuza. Akamtengenezea maisha yote, hatua kwa hatua, kwa milio.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Hakuwa na studio. Alikata kanda kwa wembe na kuiunga kwa selotepu. Alipotaka mlio urudi tena na tena, aliunga ncha mbili za kanda na kuizungusha kwenye chupa ya soda. Mvua juu ya mabati aliitoa kwenye ile kelele ya katikati ya stesheni. Mbuzi aliwapata kwa kuzungusha kitufe huku na huku haraka, na mimi nakwambia ni mbuzi kweli, hata ukisikiliza ukiwa na hasira. Sehemu ya kuoa ndiyo ninayoipenda mimi. Milio miwili inasogeleana. Kabla haijalingana inagombana, inatetemeka, unataka kuzima. Ikilingana, inatulia. Kioko anasema Kingori alicheka sana alipoigundua. Alisema hiyo haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyeoa.

Kisha kulikuwa na kinu. Kinu kilipowaka, umeme wa mtaa mzima ulipungua nguvu na milio yote ikateleza. Kinu kilisaga mahindi kila siku ya kazi, Jumamosi pia. Kwa hivyo Kingori alirekodi Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Mkewe akiwa mstari wa mbele katika kwaya.

"Pasta alikuwa ananiuliza, Kingori ako wapi?" Wakonyo alisema. "Nikasema ni mgonjwa. Alikuwa mgonjwa mwaka mzima, huyo. Kanisa wakamwombea mpaka nikaona haya."

Hakujua mumewe anatengeneza nini. Kingori hakumwambia, na hapo alikosea, na wanaume mnaonisikiliza mnajijua. Jumapili moja ibada ilipoisha mapema, Wakonyo alimpelekea githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria. Akasukuma mlango wa duka. Ndani kulikuwa na mtoto analia.

"Nikamuuliza, ni nani huyo analia? Akaniangalia. Akasema, ni wetu."

Wakonyo aliweka sufuria chini, akatoka. Siku ya pili alienda kwao Kianyaga, na hakusema atarudi.

Niliona ni haki nimuulize, kwa nini? Si alikuwa anamkumbuka mtoto wake?

"Mami," aliniambia, "mimi sikuwa nimebakishiwa kitu. Nilikuwa na kunyamaza tu. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Sasa naona hata kunyamaza kwangu amechukua, ameweka kwa mashine ya stima."

Kingori akabaki peke yake. Miezi ikaenda. Mchana redio za watu, Jumapili kanda zake. Alikonda. Shati lilimning'inia. Kioko alimwambia, "Kingori, wewe uko na bibi ama uko na mashine?" Akaendelea kukata kanda. Alikuwa amefika mahali ambapo mtoto anaenda shule, na kuna jambo lilikuwa linamkwamisha nyuma kabisa, pale mwanzo. Mtoto amezaliwa. Amelia. Lakini hakuna vigelegele.

Alijaribu kuvitoa kwenye sanduku. Vilitoka kama filimbi ya askari, na kwa watu wa rika lake waliofungiwa katika kijiji chenye handaki, hiyo si sauti ya kumkaribisha mtoto. Akaenda sokoni Giakanja, akawaomba wanawake aliowajua waje wampigie mbele ya mashine. Walicheka, kisha wakaona hacheki. Wakakataa. Mmoja wao alimwambia, "Tupigie nani, Kingori? Utatuonyesha nani?" Vigelegele vya mtoto havipigwi bure. Ni kumwita mtu aje katika nyumba ambayo hayupo.

Hatimaye akafanya lile ambalo alipaswa kulifanya mapema. Alimwomba baba yake, mzee Theuri, aende naye Kianyaga kumrudisha Wakonyo. Walikwenda kama desturi inavyotaka, wakakaa na mzee Mutahi, wazee wawili wakazungumza juu ya majani chai, na mvua, na barabara. Hakuna aliyegusa jambo lenyewe. Wakonyo alikuwa mlango wa jikoni, anasikia yote. Mwishowe akachoka na majani chai. Akaingia akamuuliza mumewe mbele ya wazee:

"Amefika wapi?"

Kingori akajibu, "Anaenda shule."

"Na nani alimpigia vigelegele?"

"Hakuna."

"Sasa unampeleka shule namna gani? Mtoto hajapokelewa, unampeleka shule?"

Wakonyo alirudi naye Nyeri wiki ile. Jumapili iliyofuata, pasta hakumkosa Kingori peke yake, alimkosa pia mwimbaji wake wa sauti ya kwanza. Mzee Kioko alikuwepo dukani. Ndiye aliyewasha mashine ya kanda.

Huku Nyeri mama hajipigii vigelegele. Mama yuko ndani, amelala. Kazi hiyo ni ya wengine. Nilipomwambia Wakonyo hivyo, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga.

"Ndiyo. Ni ya wengine. Na wengine walienda nyumbani. Nikapiga mimi."

Alipiga cha kwanza, cha pili, cha tatu. Katika cha nne sauti ilikatika. Akasimama, ameshika meza. Kanda ikaendelea kuzunguka. Kioko anasema hakujua azime au aache, akaacha. Kisha Wakonyo akavuta pumzi, akapiga cha tano.

Baadaye Kingori alitaka kuondoa kile cha nne kilichovunjika na kuweka nakala ya cha tatu. Wembe ulikuwa tayari mkononi. Wakonyo alimkataza. Alimwambia akikata si vigelegele tena, ni selotepu. Kwa hivyo kwenye santuri viko vilevile. Vitatu vizima, kimoja kilichovunjika, pumzi ndefu, halafu cha tano. Ndiyo sauti pekee ya binadamu katika kazi yote.

Santuri ilichapishwa Nairobi mwaka wa sabini na tano. Kwenye karatasi ya katikati Kingori aliandika jina moja tu, Theuri. Aliona ndilo jina ambalo mtoto angepewa, akampa. Hakuita wazee. Hakudhani kuna haja. Kwake santuri ilikuwa santuri.

Ilichezwa redioni mara moja. Kesho yake asubuhi, foleni mbele ya duka la Kingori ilifika kwenye mlango wa kinu. Kila mtu amebeba redio. Fundi, redio yangu inapiga filimbi. Fundi, yangu inalia kama paka. Alizipokea, akazirudisha moja moja, akisema, "Mama, hii ni nzima. Huyo ni mimi." Wengine hawakumwamini. Mmoja aliipeleka redio yake Karatina kwa fundi mwingine. Na santuri zenyewe hazikununuliwa. Nyingi alizigawa, nyingine zilikaa dukani mpaka vumbi likazimaliza. Watu walisema Kingori ameharibika akili kwa sababu ya kukosa mtoto.

Lakini mtu mmoja alikuwa ameisikiliza pande zote mbili, amekaa karibu na redio, mkono kwenye sikio. Huyo ni mzee Theuri. Na hakumwambia mwanawe neno.

Mwaka wa sabini na saba, Wakonyo alijifungua tena. Mvulana. Alilia mpaka mbwa wakabweka. Wanawake uani walipiga vitano, bila kukatika hata kimoja. Kingori alimchukua mtoto, akaenda naye kwa baba yake, akasema kwa furaha, "Baba, umerudi."

Mzee alimtazama mtoto. Akamshika kidole. Akasema, "Huyu ni Mutahi."

Kingori alidhani uzee umemchanganya. Akarudia. Mzee naye akarudia. Murugi alikuwepo, na maneno ya baba yake anayo mpaka leo:

"Alisema, Theuri alishazaliwa. Ulimpatia jina wewe mwenyewe. Mama yake akampigia vigelegele. Mimi nilikaa hapa kwa redio nikasikia nikizaliwa, nikasikia nikienda shule, nikasikia nikioa, hata nikasikia nikizeeka vizuri. Sasa unataka nizaliwe mara ngapi katika nyumba moja?"

Kingori alibishana. Alisema ile ni santuri, si mtoto. Mzee akamuuliza, "Kama si mtoto, kwa nini ulimpatia jina langu?" Wazee wa ukoo waliitwa. Wengine walicheka, wengine walikasirika, lakini walipochoka walikubaliana na mzee. Jina lilitolewa, vigelegele vilipigwa, kila mtu alisikia. Nyumba moja haiwezi kuwa na Theuri wawili walio ndugu. Mtoto akaitwa Mutahi, jina la baba ya mke, kama mvulana wa pili.

Kingori aliumia. Alikuwa amemtafutia baba yake jina kwa miaka, na alipompata mtoto mzima, anayelia, mwenye kucha, hakuweza kumpa. Kioko anasema kwa muda mrefu alikuwa akisema, "Niliharibu. Nilipeana jina ya mzee kwa karatasi." Hakutengeneza santuri nyingine tena. Alirudi kwenye redio za watu, na akazitengeneza mpaka kifua kilipomlaza.

Nilimuuliza Wakonyo kama naye aliona ni hasara. Ilikuwa karibu jioni, mvua imeanza tena, wanawake wanaosha vikombe nyuma ya nyumba. Alijibu akiwa amefumba macho.

"Mimi nilikuwa nimechoka na wanaume na majina yao. Sikusema kitu. Lakini sikia. Mutahi alipoanza kutembea, kila mtu akikuja hapa anauliza, huyu anaitwa nani? Nasema Mutahi. Mtu wa huku akisikia Mutahi, na anajua baba ya bwana yangu ni Theuri, lazima atauliza. Huyu ni wa pili? Wa kwanza ako wapi? Nasema, alitangulia. Halafu wanasema pole. Wale wale walitoka kwa hiyo geti. Miaka yote hiyo hakuna mtu alinipatia hiyo pole. Sasa wananipatia, na mimi napokea."

Nikamuuliza kama marehemu alijua hivyo.

"Alijua. Nilimwambia hii mwaka, akiwa kwa kitanda. Nikamwambia, hukuharibu. Akaniuliza kwa nini nimechelewa kumwambia. Nikamwambia, hata wewe ulichelewa na kipaza sauti. Akacheka, akakohoa. Tukalala."

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaondoka nilifanya kazi iliyonipeleka. Nilihitaji tangazo la kifo. Nikamuuliza Wakonyo, marehemu ameacha watoto wangapi? Akanikemea taratibu. Alisema watoto hawahesabiwi kama mbuzi, taja majina tu. Nikasema sawa. Ninao Mutahi, ambaye ni mwalimu Kianyaga, na Ngendo, anayesoma uuguzi. Kisha nikasita. Nilimuuliza, je, nimtaje Theuri?

Alifumbua macho.

"Kwani wewe utaanzia wapi?"

Nimesema nimechoka, na bado nimechoka. Lakini ninaomba jambo moja kwenu leo. Katika nyumba nyingi zinazonisikia yuko mmoja ambaye mnamruka mnapotaja watoto. Hakukaa. Hakulia. Labda hakupewa hata jina. Mama yake anamkumbuka akiwa anakamua ng'ombe. Leo mwambieni pole. Hajachelewa kuipokea.

Sasa nisome tangazo kama nilivyoelekezwa. Moffat Kingori, mwana wa marehemu mzee Theuri na marehemu Ngendo, fundi wa redio mjini Nyeri, ameaga dunia. Alikuwa mume wa Wakonyo. Alikuwa baba wa Theuri, wa Mutahi na wa Ngendo.

Mzee Kioko, pole kwa kumpoteza rafiki. Murugi, pole kwa ndugu. Mutahi na Ngendo, poleni kwa baba.

Pole sana, Mama Theuri.